Jimbo limenirudishia kodi. Hela hiyo nayo inakatwa kodi?

Nilirudishiwa dola 900 na jimbo la Ohio, Marekani, mwaka 2025, kisha nikaletewa Fomu 1099-G. Ndiyo kusema nakatwa tena?

Fomu hiyo hutisha watu bure. Ni taarifa tu ya kiasi ulichorudishiwa: nakala moja kwako, nyingine IRS, mamlaka ya kodi ya serikali kuu. Cha kujua ni ritani yako ya 2024, yaani fomu ya kodi ya serikali kuu, ulivyoijaza. Kama ulichukua makato ya kawaida, kiasi maalumu kinachotolewa kwenye kipato bila kuorodhesha matumizi (dola 14,600 kwa asiye na ndoa), refandi hiyo, yaani kodi uliyorudishiwa, huitangazi kabisa. Kodi ya jimbo haikukupunguzia chochote kwa serikali kuu, sasa wakudai nini? Waajiriwa wengi wako kundi hili.

Mimi niliorodhesha makato moja moja, kodi ya jimbo ikiwemo, kwenye Jedwali A la ritani, yakafika dola 15,000. Sijaoa. Nilirudishiwa 900 hizo hizo.

Hapo kuna hesabu, ila si ya 900 zote. Toa 14,600 kwenye 15,000, zinabaki 400. Bila kuorodhesha ungepata 14,600 vilevile, kwa hiyo nafuu ya ziada uliyopata ni hizo 400 tu, na ndizo unazoandika kwenye Jedwali 1 la ritani ya 2025. Zile 500 ni zako, hazina maswali. Wengi wanaumia hapa: mtu anachukua namba ya kisanduku cha 2 kwenye fomu na kuitia yote kwenye kipato. Mtayarishaji wa kodi asiyekuomba ritani ya mwaka uliotangulia kabla ya kuandika namba hiyo, mimi ningeachana naye na kutafuta mwingine.

Tuna nyumba New Jersey. Mwaka 2024 tulilipa kodi ya jimbo 9,000 na ya nyumba 5,000, tukaorodhesha. Tumerudishiwa 1,200.

Hamdaiwi kitu. Mlilipa 14,000, lakini kikomo cha kodi za namna hiyo mnazoweza kuorodhesha mwaka huo kilikuwa 10,000. Hata mngelipa 12,800, bila zile 1,200, makato yenu yangekuwa 10,000 zile zile. Kuanzia ritani ya 2025 kikomo kimepandishwa hadi 40,000 kwa walio wengi, kwa hiyo kwa refandi ya kodi ya 2025 msijibu swali hili kwa mazoea.

Refandi yangu sikuishika, niliiacha ilipie kodi ya jimbo ya mwaka unaofuata.

Inahesabika umeipokea. Kanuni ni zile zile za hapo juu.

Zile dola 260 za Minnesota za 2023 je?

Hizo hazikuwa refandi ya kodi uliyozidisha, zilikuwa mgao ambao jimbo liliwapa watu. Jimbo halikuzitoza kodi, lakini IRS ilisema ni kipato, hata kwa aliyechukua makato ya kawaida. Watu walikasirika, na sikuwalaumu.

Na refandi ya IRS yenyewe?

Haitozwi. Ila ikichelewa wakakuongezea riba, riba hiyo ni kipato. Itangaze hata kama ni dola saba.