Barua za Wasomaji: Tamthilia Iliyofufuliwa Ina Deni kwa Nani?

Mwezi huu tumepokea barua tatu kutoka Tanga, zote zikihusu Doctor Who, tamthilia ya Uingereza inayosimulia safari za mgeni wa sayari nyingine aitwaye Daktari, anayepita katika nyakati kwa kutumia sanduku la bluu la polisi ambalo ndani ni pana kuliko nje. BBC ilianza kuirusha tarehe 23 Novemba 1963, ikaisimamisha mwaka 1989, kisha ikaifufua tarehe 26 Machi 2005. Barua tumezifupisha kidogo.

Mhariri, salaam. Mimi ni mstaafu, ninaishi Ngamiani. Mwaka 1976 nilikuwa masomoni Uingereza, na Jumamosi jioni wanafunzi tulijazana katika sebule ya bweni kumtazama Tom Baker, aliyeigiza Daktari wakati ule, na skafu yake ndefu. Sasa mjukuu wangu ameniletea misimu mipya kwenye flashi, nasi hutazama pamoja baada ya sala ya Isha. Yeye ameipenda mno. Mimi naona nimeletewa mtu mwingine aliyepewa jina la rafiki yangu: mbio nyingi, machozi mengi, na hadithi inakwisha kabla sijakaa sawa. Mjukuu anasema ni uzee. Je, nina kosa? Na kwa nini tamthilia ikifufuliwa watazamaji wake hugombana?

Shikamoo, mzee wangu. Kosa huna, na hizo mbio unazozilalamikia si uzee, kwa sababu zinapimika kwa saa. Enzi zako hadithi moja ilikatwa vipande vya takriban dakika 25, mara nyingi vinne, na kila kipande kiliishia pale Daktari alipokuwa hatarini, mkabaki kungoja Jumamosi nyingine. Msimu wa 2005 ulikuwa na sehemu 13 za takriban dakika 45, na nyingi kati ya hizo zilimaliza hadithi yake papo hapo. Kilichoondoka hapo, kwa maoni yangu, ni lile juma la kungoja, ambalo mtazamaji alilipitisha akibishana na wenzake bwenini jinsi Daktari atakavyonasuka. Mjukuu wako anayefungua sehemu ya pili kabla chai haijapoa hakuwahi kuujua utamu huo, na hawezi kukikosa asichokijua.

Hata hivyo, naomba uwasikilize na waliopewa kazi ya kuifufua, maana walikuwa na deni kwa watu wawili wasiofahamiana: wewe unayekumbuka kila kitu, na mtoto ambaye hakuwa amezaliwa ilipokoma. Mwaka 1996 jaribio la kwanza lilifanyika kwa filamu moja ya televisheni, Paul McGann akiwa Daktari, na lilianza kwa kumlipa mkongwe. Filamu ilifunguliwa kwa habari za adui wa zamani, kisha ikamwonyesha Daktari wa awali akifa na kugeuka, yaani kupata mwili na sura ya mwigizaji mpya, hata kabla mtazamaji mgeni hajapata mtu wa kumshika mkono. Nchini Uingereza ilitazamwa na watu takriban milioni 9, lakini Marekani, ambako ndiko matumaini ya kupata tamthilia kamili yalikokuwa, watazamaji hawakutosha, na jambo likaishia hapo.

Russell T Davies, mwandishi mkuu wa mwaka 2005, aligeuza mpangilio. Katika sehemu ya kwanza hatumfuati Daktari, tunamfuata Rose, msichana muuza nguo wa London anayeishi na mama yake, na tunayajua mambo kadiri yeye anavyoyajua. Watu takriban milioni 10.8 waliitazama nchini Uingereza. Wapo wakongwe waliosema wamesahauliwa. Mimi nasema la, na hapa ndipo ninapoomba uvumilivu wako, kwa sababu naiona hii kuwa hekima kubwa kuliko zote katika ufufuaji ule. Davies alibuni vita vilivyopiganwa wakati tamthilia haipo hewani, vita vilivyoiteketeza sayari ya Daktari na kumwacha yeye peke yake. Mtoto anayeanza leo hahitaji kuijua historia ya miaka 26, kwa kuwa imeungua. Lakini wewe uliyeijua sayari ile unapomtazama Christopher Eccleston, Daktari wa mwaka 2005, akinyamaza kila anapoulizwa kwao ni wapi, unajua ananyamazia nini. Msiba wa mtazamaji mkongwe umewekwa moyoni mwa Daktari mwenyewe.

Ninakupendekezea jambo moja mlifanye wewe na mjukuu. Mtafute kwanza Genesis of the Daleks ya mwaka 1975, ambayo huenda hukuiona kwa kuwa ilitangulia mwaka wako wa masomo. Humo Tom Baker anashika nyaya mbili ambazo akiziunganisha Madaleki, maadui wake wakubwa, watatoweka kabla hawajaanza kuwapo, naye anasita na kujiuliza kama ana haki ya kuangamiza jamii nzima. Kisha mtazame Dalek, sehemu ya sita ya msimu wa 2005, ambamo Daktari yuleyule, sasa mjane wa sayari yake, anamkuta Daleki mmoja aliyefungwa minyororo na anatamani kumuua, mpaka Rose anasimama katikati. Usimweleze mjukuu lolote kabla. Mwache aulize mwenyewe kwa nini mtu aliyesita mwaka 1975 hakusita mwaka 2005, nawe utakuwa na la kumjibu ambalo flashi haina.

Kuhusu machozi niko upande wako. Kuna sehemu ambazo muziki wa okestra unatangulia kulia kabla ya wahusika, na mtazamaji ananyimwa nafasi ya kuhuzunika kwa hiari yake.

Magomvi ya watazamaji huzidi pale kila upande unapodhani mwenzake anaitazama picha ileile. Wewe mkazi wa Ngamiani unayakumbuka magitaa ya umeme ya Black Star na Lucky Star katika taarabu, na unajua kwamba sikio lililozoea udi na fidla halikuyapokea kama sikio la kijana aliyeanzia hapo. Sehemu ya lalamiko lako ni dhidi ya waandishi, na hiyo ishikilie. Sehemu nyingine inaidai ile sebule ya bweni na wenzako waliokuwamo, na hiyo hakuna mwandishi wa Uingereza anayeweza kuilipa.

Shikamoo dada Mhariri. Mimi ni mwanafunzi, ninakaa Chumbageni. Nilifurahi sana Ncuti Gatwa, aliyezaliwa Rwanda jirani zetu, alipokuwa Daktari. Kaka yangu anasema kumbadilisha mhusika hivyo ni kuiharibu tamthilia, na kwamba ndiyo sababu watu wanaikimbia. Nimjibuje?

Marahaba, mdogo wangu. Mwambie kwamba mwaka 1966 William Hartnell, Daktari wa kwanza, alipodhoofika kiafya, watayarishaji walibuni kwamba Daktari akikaribia kufa mwili wake hugeuka na kupata sura na tabia mpya, ndipo Patrick Troughton akaingia. Kubadilika ndiko kulikoiwezesha tamthilia kuishi, na manung'uniko yameandamana na kila badiliko. Eccleston alipoondoka baada ya msimu mmoja tu, wengi walisikitika, kisha David Tennant aliyemfuata akawa miongoni mwa Madaktari waliopendwa kupita wote. Jodie Whittaker, mwanamke wa kwanza, alipoanza msimu wake Oktoba 2018, sehemu ya kwanza ilitazamwa na karibu watu milioni 11 nchini Uingereza. Idadi hiyo ilishuka baadaye, ni kweli, lakini waliofungua televisheni siku ile walikwisha kumwona alivyo, na wakafungua.

Lakini usimjibu kaka yako kana kwamba kila lawama ni chuki. Misimu ya Gatwa ilikuwa na sehemu nane nane tu, ukiacha zile za Krismasi, na mimi naona alinyimwa nafasi ya kuzoeleka. Mwisho wake wa tarehe 31 Mei 2025, alipogeuka na ikatokea sura ya Billie Piper, yuleyule aliyekuwa Rose, uliwaacha watazamaji wengi wakiuliza kama waandishi wanasonga mbele au wanarudi kuomba hifadhi kwenye mafanikio ya 2005. Hilo ni swali halali, na mimi ninalo. Mwombe kaka akutajie sehemu iliyomchosha na kitu kilichomchosha ndani yake. Akikutajia hadithi, bishaneni mpaka usiku. Akikutajia sura ya mwigizaji tu, mwonyeshe Hartnell akigeuka kuwa Troughton.

Ndugu Mhariri, nimesikia kwamba sehemu za zamani za tamthilia hii zilipotea, kisha nyingine zikapatikana Afrika. Ni kweli? — Msomaji, Pangani.

Ni kweli, ndugu yangu. BBC ilizifuta kanda nyingi za miaka ya 1960 ili zitumike tena, kwa kuwa wakati ule hakuna aliyefikiri kwamba kuna mtu angetaka kuzitazama mara ya pili. Nakala za filamu zilizokuwa zimeuzwa kwa vituo vya nchi za nje ndizo zilizonusuru baadhi yake. Mwezi Oktoba 2013 ilitangazwa kwamba sehemu tisa za Troughton, zilizokuwa zimehesabiwa kuwa zimepotea, zimepatikana katika kituo cha televisheni mjini Jos, Nigeria. Watu waliokuwa watoto mwaka 1968 waliweza kuzilinganisha na kumbukumbu zao, na hadithi mojawapo, The Enemy of the World, ambayo kabla ya hapo ilibaki sehemu moja tu kati ya sita na haikusifiwa sana, ikapandishwa hadhi na watazamaji walewale walipoiona nzima. Ukiwa mjini Tanga, mtafute mzee wetu wa Ngamiani. Nadhani atapenda kuitazama nawe.