Maswali ya Wasomaji: Malaria Isiyo na Homa

Katika toleo lililopita tuliandika kwa kifupi kwamba mtu anaweza kubeba vimelea vya malaria kwa wiki na hata miezi bila kujihisi mgonjwa. Sentensi hiyo moja imetuletea barua nyingi kuliko makala yenyewe. Tumechagua tano, na tumefupisha maelezo ya walioandika kwa urefu.

Assalaam aleikum daktari. Mtoto wa jirani yangu hapa Micheweni, Pemba, alipimwa kituoni akakutwa na malaria. Siku ya pili alikuja afisa wa wilaya kwa pikipiki, akiwa na sheha, kiongozi wa shehia yetu (eneo dogo la utawala), akaomba kutupima sote nyumbani ingawa hapakuwa na mgonjwa. Mwanangu wa miaka 12, ambaye alikuwa ndiyo kwanza anatoka kucheza mpira, akaambiwa ana vimelea. Sisi tumefunzwa kwamba dalili ya mvua ni mawingu. Mwanangu hana homa, hatapiki, hata kichwa hakimuumi. Je, kipimo hakikukosea? Na ni sawa kumnywesha dawa ya siku tatu mtoto ambaye haumwi?

Waaleikum salaam, mama. Methali uliyoitaja ni ya kweli kwa magonjwa mengi, lakini kwa malaria mvua hunyesha mara nyingi pasipo wingu. Homa haisababishwi na kuwepo tu kwa vimelea mwilini. Vimelea huingia ndani ya chembe nyekundu za damu, huzaliana humo kwa muda wa saa 48 hivi, kisha huzipasua chembe nyingi kwa pamoja, na mwili unapopambana na yale yanayomwagika kutoka humo ndipo joto hupanda na mtu akaanza kutetemeka. Mtu ambaye ameshaugua malaria siku za nyuma huweza kuwa na kinga ya kiasi, ambayo haiwaui vimelea wote, bali inawapunguza hadi wakawa wachache mno kuweza kuamsha homa. Mwanao anacheza mpira kwa sababu mwili wake unafanya kazi kubwa ambayo wewe na yeye hamuioni.

Kuhusu kipimo, kuna jambo moja unalopaswa kujiuliza: je, katika wiki chache zilizopita kijana alitumia dawa mseto ya kutibu malaria? Kipimo cha haraka, yaani mRDT, hakimtafuti kimelea mwenyewe. Kinatafuta protini anayoiachia kwenye damu, na protini hiyo huweza kubaki kwa wiki kadhaa baada ya vimelea wenyewe kufa. Ikiwa alitibiwa karibuni, mweleze mhudumu, kwa kuwa mstari wa pili kwenye kipimo, unaoashiria malaria, unaweza kuwa ni mabaki ya ugonjwa uliokwisha pona. Ikiwa hakutibiwa, majibu hayo yachukuliwe kuwa ya kweli, hata kama mstari ulikuwa hafifu wa kuonekana kwa taabu. Mpatie basi dozi zote sita: ya pili saa 8 baada ya ya kwanza, na zilizobaki asubuhi na jioni kwa siku mbili zinazofuata, kila moja pamoja na chakula chenye mafuta kidogo, kwani dawa hiyo hufyonzwa vizuri zaidi ikiwa na mafuta. Maziwa au wali wa nazi vinatosha kabisa.

Ninaelewa kwamba kumpa dawa mtoto asiyeumwa kunamsumbua mzazi. Lakini tazama hali ya visiwa vyetu. Kwa zaidi ya miaka 15 sasa, tangu dawa mseto, vyandarua vyenye dawa na unyunyiziaji wa majumbani vienee, kiwango cha maambukizi Zanzibar kimekuwa chini ya asilimia 1 kwa jumla. Ugonjwa unapokuwa adimu kiasi hicho, kila mtu mmoja anayebeba vimelea ana uzito wake. Baadhi ya vimelea katika damu yake hugeuka kuwa wa uzazi, wa kiume na wa kike, ambao huchukua siku 10 hadi 12 kukomaa na ambao kazi yao pekee ni kungoja mbu. Mgonjwa mwenye homa huenda kituoni, akatibiwa. Asiye na homa hulala nyumbani kwake usiku baada ya usiku, na mbu wanamfikia. Yule afisa hakuja kwenu kwa kuwatilia shaka. Alikuja kwa sababu maambukizi hujikusanya, na nyumba zinazopakana na nyumba ya mgonjwa ndizo zenye uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa na wengine.

Shikamoo daktari. Mimi ni mkulima wa Kasulu, Kigoma. Watafiti walikuja kijijini, wakanitoboa kidole, wakanionyesha kipimo: mstari mmoja tu, sina malaria. Baadaye walirudi wakisema maabara imewaona vimelea kwenye damu yangu ile ile. Wenzangu wanasema tunachezewa. Inawezekanaje damu moja ikatoa majibu mawili?

Marahaba, ndugu yangu. Hamchezewi, na ninafurahi kwamba umeuliza badala ya kufunga mlango watakaporudi.

Tufanye hesabu pamoja. Mwili wa mtu mzima una damu lita 5 hivi. Lita moja ina mikrolita milioni 1, kwa hiyo una mikrolita milioni 5. Tone linalowekwa kwenye mRDT ni kama mikrolita 5 tu. Kipimo hicho hufanya kazi vizuri vimelea wanapofika 100 au 200 katika kila mikrolita. Sasa chukulia una kimelea mmoja tu kwa kila mikrolita. Katika tone lako wamo kama watano, nao hawatoshi kuchora mstari wa pili. Mtaalamu wa hadubini naye hutazama sehemu ndogo ya tone, na huenda asikutane hata na mmoja. Lakini katika mwili wako mzima kuna vimelea milioni 5. Majibu yote mawili uliyopewa ni ya kweli: la kwanza linasema vimelea hawakufikia kiwango kinachoonekana, na la pili linasema wapo. Maabara ilitumia kipimo cha vinasaba, kinachoitwa PCR, ambacho huzidisha chembechembe za urithi za kimelea mara mamilioni hadi zionekane. Kinahitaji mashine, umeme wa uhakika, wataalamu na siku kadhaa za kusubiri, na ndiyo maana hukipati kwenye zahanati ya kijiji.

Kuna ugumu mwingine. Kimelea cha falsiparamu, ambacho ndicho kinachosababisha malaria nyingi katika ukanda wetu, huzunguka kwenye damu kwa karibu nusu tu ya zile saa 48 za kuzaliana, kisha hujibanza kwenye kuta za mishipa midogo ya ndani, mbali na ncha ya kidole. Unaweza kupimwa asubuhi usionekane na kitu, na kesho yake ukaonekana. Utafiti uliofanyika Mali na kuchapishwa mwaka 2020 ulionyesha kwamba wakati wa kiangazi, mbu wanapoadimika, vimelea huchelewa kujibanza, hivyo wengi hupita kwenye bandama na kuharibiwa. Idadi yao hubaki ndogo, mtu hapati homa, na maambukizi huvushwa miezi mikavu hadi mvua zinaporudisha mbu.

Pengine utauliza kama hao wachache wana madhara kwa wengine. Mbu hunyonya mikrolita 2 au 3 tu, na ili aambukizwe anahitaji kupata humo kimelea wa uzazi wa kiume na wa kike. Kwa hiyo mtu mwenye vimelea wachache huambukiza mbu mara chache zaidi kuliko mwenye wengi, lakini huambukiza. Huko Tororo, Uganda, watafiti waliwafuatilia wanakijiji kwa miaka miwili, wakawalisha mbu damu yao, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2021 yalinishtua hata mimi niliyezoea mambo haya: chini ya asilimia 1 ya mbu walioambukizwa ndio waliopata vimelea kutoka kwa watu wenye homa. Waliobaki wote waliambukizwa na watu ambao hawakuwa wanaumwa, na watu wanne tu ndio waliowaambukiza zaidi ya nusu ya mbu hao.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi Newala. Wataalamu walipopima wanafunzi wangu, darasa zima lililokuwa likiimba na kuruka kamba lilikuwa na watoto wengi wenye malaria. Mbona kampeni zote huwalenga watoto chini ya miaka mitano?

Mwalimu, umegusa mahali ninapoona tumechelewa. Tuliwalenga walio chini ya miaka mitano kwa haki, kwa sababu ndio wanaokufa zaidi. Ila katika mikoa yenye malaria nyingi, umri wa shule ndio unaobeba vimelea wengi kimyakimya: mtoto ameshapata kinga ya kuzuia homa, hajapata ya kuwamaliza vimelea, na mara nyingi ndiye wa mwisho kupewa chandarua nyumbani. Uchunguzi wa shule za msingi Tanzania Bara ulioanza mwaka 2014 na 2015 ulikuta zaidi ya mwanafunzi 1 kati ya 5 ana vimelea, huku tofauti kati ya halmashauri na halmashauri ikiwa kubwa mno.

Na si kweli kwamba mtoto huyo hadhuriki. Vimelea wanaokaa muda mrefu hula chembe nyekundu polepole, na upungufu wa damu unamfuata. Mtoto anayesinzia saa nne asubuhi huitwa mvivu. Katika majaribio yaliyofanyika Bondo, magharibi mwa Kenya, na kuchapishwa mwaka 2008, wanafunzi waliopewa dawa ya malaria kila muhula hawakupatwa sana na upungufu wa damu, na uwezo wao wa kutulia na kufuatilia somo ukaongezeka. Tangu mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani linapendekeza kinga ya aina hiyo kwa watoto wa shule katika maeneo yenye maambukizi ya kati na ya juu. Ningependa walimu muwe wa kwanza kuwaulizia viongozi wa afya wa halmashauri jambo hili.

Nina mimba ya miezi minne. Nilipimwa malaria kliniki hudhurio la kwanza, sina. Kwa nini bado napewa vidonge vya SP, vile vya kukinga malaria?

Kwa sababu vimelea hupenda kujificha kwenye kondo la nyuma, ambako tone la kidole haliwafikii, na mama huweza asihisi chochote huku mtoto akizaliwa na uzito mdogo. Vidonge hivyo havitegemei majibu ya kipimo. Vinywe mbele ya mhudumu kila unapopewa, kwa kuachanisha angalau mwezi mmoja, na endelea kulala ndani ya chandarua.

Kama vipimo haviwaoni wote, si tupewe dawa sote siku moja, yaishe? — Msomaji wa Unguja.

Wazo lako limeshajaribiwa, na hapo hapo Zanzibar. Mwaka 2012 watu katika maeneo yenye wagonjwa wengi walipimwa wote kwa mRDT na waliokutwa na vimelea wakatibiwa. mRDT iliona wachache mno, PCR ikaonyesha kwamba waliobeba vimelea walikuwa mara kadhaa zaidi, na idadi ya wagonjwa baadaye haikushuka. Mwaka 2016 shehia kadhaa zikapewa dawa bila kupimwa, mizunguko miwili, na bado tofauti na shehia zisizopewa haikuwa kubwa kiasi cha kuhesabika. Sababu mojawapo unaiona bandarini kila siku: boti na majahazi huleta watu kutoka Bara, na baadhi yao huleta vimelea wasivyovijua.

Hilo silisemi ili wageni wanyooshewe vidole, maana wengi wao ni ndugu zetu na wengine ni sisi wenyewe tunaporudi kutoka safari. Naomba jambo dogo. Ukirudi kutoka eneo lenye malaria nyingi na ukaenda kituoni kwa sababu yoyote, mtajie mhudumu ulikolala, hata asipokuuliza. Na akibisha hodi mtu wa ufuatiliaji, mwite pia yule kijana aliyelala chumba cha uani anayesema yeye haumwi.