Mkaguzi anasema seva yetu imezeeka

Barua za mwezi huu zimeangukia sehemu moja, seva za Linux na masasisho yake. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kwa sababu najua ofisi kadhaa hapa Tanga zinazosumbuliwa na jambo hilohilo.

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni ofisa tehama wa Saccos moja huku Muheza. Seva yetu ni Debian 12, aina mojawapo ya Linux. Juzi alikuja mkaguzi, akachomeka kompyuta yake, akaendesha programu ya kutafuta udhaifu, na ripoti ikatoka nyekundu: OpenSSH yetu, programu ya kuingilia seva kwa mbali, ni 9.2, ina tobo la mwaka 2024, lazima tupande hadi 9.8 au zaidi. Nikiendesha apt, programu ya kusasisha, inaniambia hakuna jipya. Meneja amenipa hadi Ijumaa. Je, nipakue hiyo mpya kwa wenyewe OpenSSH niijenge mwenyewe? (Ofisa tehama, Muheza)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usipakue kitu.

Fungua terminali uandike dpkg -l openssh-server, kisha usome namba ya toleo mpaka mwisho. Usiishie kwenye 9.2. Utakuta kitu kama 1:9.2p1-2+deb12u3, au u yenye namba kubwa kuliko hiyo. Programu ya mkaguzi imesoma kichwa ikaacha mkia, na habari yote iko mkiani.

Tobo analolisema lilitangazwa tarehe 1 Julai 2024 na watafiti wa kampuni ya Qualys, likapewa namba CVE-2024-6387 katika orodha ya kimataifa ya matobo. Wenye OpenSSH waliliziba katika toleo la 9.8. Timu ya usalama ya Debian haikuichukua 9.8. Ilichukua marekebisho ya tobo lile peke yake, ikayapachika kwenye 9.2 ileile, ikaongeza mkia wa deb12u3 na kuisambaza siku hiyohiyo. Fundi wa jahazi pale Sahare akikuta ubao mmoja umeoza hakuuzii chombo kipya. Anautoa, anatia mwingine, anapiga kalafati, unarudi baharini.

Wanajisumbua hivyo kwa nini? Kwa sababu 9.8 haikuja na ziba la tobo tu. Ilikuja pia na uamuzi wa kuzima funguo za aina ya DSA, na ikaigawa sshd, ile sehemu ya OpenSSH inayopokea wanaoingia, sehemu ya kazi yake ikahamia kwenye programu nyingine iitwayo sshd-session. Kama seva yako inalindwa na fail2ban, ambayo kazi yake ni kusoma kumbukumbu za mfumo ikitafuta jina sshd, ungeweza kupandisha toleo Ijumaa jioni, mkaguzi akafurahi, na mlinzi wako akawa kipofu usiku huohuo bila mtu kujua. Toleo tulivu la Debian lipo ili jambo kama hilo lisikukute katikati ya safari.

Na kuna kichekesho hapa ambacho mkaguzi wako angestahili kukisikia. Tobo hili ni lilelile lililozibwa mwaka 2006, likarudishwa kwa bahati mbaya kuanzia OpenSSH 8.5. Waliokuwa bado na Debian 11, yenye 8.4, hawakuguswa kabisa. Waliobaki nyuma walikuwa salama, waliokwenda na wakati ndio waliokimbizana usiku. Sisemi ukae na vitu vya kale. Nasema namba kubwa si ushahidi wa chochote.

Sasa la kumpa meneja. Andika apt changelog openssh-server, tafuta 6387 ndani yake, chapisha ukurasa huo uuambatanishe na barua. Ongeza ukurasa wa tobo hilo kutoka orodha ya usalama ya Debian, ambako kila CVE imeandikwa imezibwa katika mkia gani. Mkaguzi anayejua kazi yake atafuta ile nyekundu bila ubishi. Lakini kama mkia wako uko chini ya u3, ujue ana haki, na ugonjwa wako ni mwingine: masasisho ya usalama hayafiki. Angalia mafaili ya vyanzo vya apt kama yana mstari wa bookworm-security (bookworm ni jina la Debian 12). Nimekuta seva kadhaa ambazo aliyezifunga aliufuta mstari huo ili kuokoa bando, akaondoka zake.

SWALI: Kaka habari. Niko mwaka wa pili chuoni, naishi Chumbageni. Tumefundishwa kwamba Debian inatunzwa na watu wa kujitolea dunia nzima. Sasa kama kila mtu anaweza kujitolea, nani anamzuia jambazi naye asijitolee? (Mwanafunzi, Chumbageni)

JIBU: Alishajitolea. Alijiita Jia Tan, na mpaka leo haijulikani ni mtu gani, au ni watu wangapi.

Kuna programu ndogo ya kubana mafaili iitwayo xz, iliyomo karibu katika kila Linux. Kwa miaka mingi mzigo wake aliubeba mtu mmoja, Lasse Collin, kwa muda wake wa ziada. Kuanzia 2021 Jia Tan akawa analeta marekebisho, mazuri tu. Baadaye yakajitokeza majina mengine yasiyo na historia, yanalalamika kwamba mwenye programu anachelewa na kwamba atafute wa kumsaidia. Mtu amechoka, anasongwa, na msaidizi yupo mlangoni na adabu zake. Akakabidhiwa. Februari na Machi 2024 zikatoka 5.6.0 na 5.6.1, na ndani yake mlango wa siri wa kuingilia kupitia sshd.

Aliyeunasa ni Andres Freund, mhandisi wa Microsoft anayeshughulika na PostgreSQL, programu ya hifadhidata. Alikuwa anapima mambo yake mengine kwenye Debian sid, tawi la vitu vipya kabisa, akaona kuingia kwa ssh kunachelewa kama nusu sekunde na kunakula prosesa kupita kiasi. Wengi wetu tungelaumu mtandao tukaendelea na chai. Yeye akafukua, na tarehe 29 Machi 2024 akaanika kila kitu hadharani.

Zingatia ni wapi palipoguswa. Pakeji mpya ya Debian, yaani programu iliyofungashwa, huanzia sid, ikikaa siku kadhaa bila hitilafu kubwa huhamia testing, na testing ndiyo hugandishwa kila baada ya takriban miaka miwili ikawa toleo tulivu. Sumu ile ilifika sid na testing. Debian 12, unayoikuta kwenye seva za kazi, haikuonja hata tone. Waliojitolea wakairudisha xz ya zamani chini ya jina la ajabu, 5.6.1+really5.4.5-1, kwa kuwa apt hupanda ngazi tu, haishuki. Ukitaka kumrudisha mtu nyuma inabidi umwandikie namba iliyo mbele. Na toleo dogo la Debian 12.6 lililokuwa litoke tarehe 6 Aprili likasogezwa, likatoka tarehe 29 Juni.

Kuhusu mlango wa kujiunga na Debian: kila pakeji inayopandishwa Debian hutiwa saini ya kidijitali, na anayetaka uanachama ufunguo wake hutambuliwa na waliomtangulia, kwa kawaida kwa kuonana ana kwa ana na kutazamana vitambulisho. Taratibu hizo zinamjua aliyeleta mzigo. Alichokificha mtengenezaji wa asili ndani ya mzigo haziwezi kukijua, na Jia Tan alikuwa huko kwa mtengenezaji, si Debian. Hapo ndipo siku zile za kusubiri, zinazokera vijana, zinapolipa.

Wala usiwafanye malaika. Mwaka 2006 mtunzaji wa OpenSSL, programu ya kutengeneza funguo za siri, ndani ya Debian aliondoa mistari michache ya msimbo kwa sababu chombo cha ukaguzi kiitwacho Valgrind kilikuwa kinainung'unikia. Mistari hiyo ndiyo iliyokuwa ikileta unasibu, yaani namba zisizotabirika, na funguo zote zilizotengenezwa zikabaki na uwezekano wa 32,768 tu kwa kila aina na ukubwa. Iligunduliwa Mei 2008. Valgrind hiyohiyo ilikuwa miongoni mwa vilivyomshtua Freund mwaka 2024, kwa hiyo tatizo halikuwa manung'uniko yake, tatizo ni kuyanyamazisha kabla ya kuyauliza.

Na si wote wanaofanya bure. Timu ya usalama ikimaliza zamu yake kwa Debian 12 Juni 2026, wanaoipokea ni timu ya LTS (msaada wa muda mrefu) hadi Juni 2028, na wengi wa hao hulipwa na makampuni kupitia kampuni ya Freexian.

SWALI: Tuna kompyuta sita za Debian ofisini Pangani na kila moja inapakua masasisho yaleyale. Bando halitoshi. Tena umeme ulikatika katikati ya kusasisha, sasa moja inagoma. (Mhasibu, Pangani)

JIBU: Ile inayogoma, andika dpkg --configure -a, kisha apt -f install. Mara nyingi inainuka. Kwa bando, funga apt-cacher-ng kwenye kompyuta moja na nyingine zielekee kwake. Pakeji itashuka mara moja, nyingine tano zitachota humo. Na UPS hata ndogo, dada yangu, ya kompyuta hiyo moja yenye apt-cacher-ng tu.

SWALI: Nataka kusaidia lakini sijui kuandika programu. Nina laptopu kuukuu na Kiingereza cha kuombea maji. (Kinyozi wa Ngamiani)

JIBU: Mgosi, laptopu kuukuu ndiyo wanayoihitaji. Kabla ya kila toleo dogo la Debian tulivu, marekebisho hukaa kwanza mahali paitwapo proposed-updates, yakisubiri watu wayajaribu kwenye mashine halisi. Ongeza mstari wa proposed-updates kwenye vyanzo vyako vya apt, sasisha, kisha fanya kazi zako za kila siku: chapisha, sikiliza muziki, unganisha simu. Mimi nina mashine ya namna hiyo chini ya meza, haina kazi nyingine ila kuvunjika kabla ya za wateja.

Ikivunjika, tumia programu ya reportbug. Itakukusanyia matoleo yote yenyewe. Wewe eleza ulifanya nini, ulitegemea nini, kikatokea nini, na unakili ujumbe wa kosa kama ulivyo, usiusimulie. Kwa hayo Kiingereza cha kuombea maji kinatosha. Ila mstari huo usiuweke kwenye kompyuta inayotunza hesabu za saluni.