Maabara mbili, namba mbili, nani muongo?

SWALI: Shikamoo dokta. Mimi ni dada wa hapa Ngamiani, Tanga. Baba alikufa ghafla kwa moyo akiwa na miaka 48 tu, na kaka juzijuzi kalazwa kwa moyo huohuo, ndo nikaambiwa nipime lipoprotini a, zile chembe za mafuta na protini kwenye damu. Jibu la kwanza 58. Nikaacha nazi kabisa (samaki wa kupaka nawaona kwa jirani tu!), nikapima maabara nyingine, 131! Ipi inanidanganya? Natuma picha za majibu.

JIBU: Marahaba mwanangu, poleni sana. Picha nimezikuza, angalia viherufi pembeni ya namba: ya kwanza mg/dL, ya pili nmol/L. Hakuna kilichopanda hapo. Ya kwanza ni uzito, ya pili ni idadi ya chembe, ni kama mishikaki, mmoja anapima kilo mwingine anahesabu vijiti, na vijiti vyenyewe kimoja kina nyama tatu kingine kumi. Protini ya chembe hii ina vipande vinavyojirudia, vichache au vingi kutegemea ulivyorithi, kwa hiyo mtu akikuzidishia kwa 2 au 2.5 eti kabadilisha yuniti, anabahatisha tu.

Na vitendanishi, zile dawa za maabara za kupimia, navyo vina vituko vyake. Kingamwili iliyomo humo, ile inayonasa chembe, ikinasa hicho kipande kinachojirudia, chembe kubwa inanaswa mara nyingi, basi mashine inaona nyingi kuliko zilizopo, na ndogo inazipunja. WHO na IFCC, shirikisho la kimataifa la wataalamu wa maabara, walipitisha sampuli rejea mwaka 2003, inayosoma kwa nanomoli (ndo hiyo nmol/L), ili viwanda vyote vijipime hapo, ila mpaka leo havijalingana vyote.

Sasa sikia, mwongozo wa Ulaya unahesabu hatari kubwa ukivuka 50 kwa mg/dL au 105 kwa nmol/L. Wewe umevuka kotekote! Maabara zote mbili zimekwambia kitu kimoja.

Kuacha nazi hakuwezi kuishusha hii, ni ya kurithi, lakini usirudi kwa fujo maana mafuta yake yanapandisha LDL, ile kolesteroli mbaya, na LDL ndo tunayoweza kuishusha. Kapime hiyo, presha na sukari, umweleze daktari wako habari za baba na kaka. Kaka naye apimwe, na watoto wako, mara moja inatosha. Kurudia kila mwaka ni kutupa hela, na ikibidi kurudia basi maabara ileile, yuniti ileile.