Fizi zikitoka damu, usiweke mswaki kando

Hapa Tanga mtu akitema povu lenye damu asubuhi, ushauri wa kwanza anaopewa ni kuacha mswaki siku kadhaa ili fizi zipumzike. Wa pili ni kula machungwa. Huo wa kwanza unaumiza watu, na wa pili kwa wengi wetu haugusi chanzo.

Mdogo wangu alipokuwa mjamzito fizi zilimvimba, zikawa nyekundu, naye kwa kuogopa damu akawa anapitisha mswaki juu juu tu. Damu ikazidi. Tulipokwenda kwa daktari wa meno, alimpa kioo akamwonyesha utando wa manjano uliokaa pale jino linapoingia kwenye ufizi. Huo ndio ukoga, na umejaa vijidudu. Ufizi unavimba kwa kupambana navyo, ndiyo maana ukiguswa kidogo unatoka damu. Homoni za ujauzito huzidisha uvimbe huo, lakini ukoga ukiondoka fizi hutulia.

Kwa hiyo sehemu inayotoka damu ndiyo inayohitaji kusafishwa zaidi, ila kwa upole. Chukua mswaki laini, ulaze mshazari ili nywele zake ziguse jino na ufizi kwa pamoja. Utikise taratibu, meno mawili matatu, halafu sogea. Usisugue kama unakwangua sufuria. Watu wengi husahau upande wa ndani wa meno ya chini, ule unaogusana na ulimi, na huko ukoga hujazana sana. Dakika mbili asubuhi, dakika mbili kabla ya kulala, kwa dawa yenye floridi. Katikati ya meno mswaki haufiki, pitisha uzi wa meno. Wazee wanaotumia mswaki wa mti waendelee nao, mradi ncha itafunwe hadi ilainike na ifike mpaka magegoni.

Maji ya vuguvugu yenye chumvi, nusu kijiko cha chai kwa glasi, yanatuliza. Hayawezi kung'oa ukoga ulioshakuwa mgumu. Huo haung'oki hata kwa mswaki. Lazima usafishwe na mtaalamu. Kwa mjini kwetu kuna Bombo, hospitali ya rufaa ya mkoa.

Kuhusu machungwa: kiseyeye cha kukosa vitamini C kipo, lakini humpata mtu aliyekaa miezi bila matunda wala mboga. Kwetu sisi, Muheza kunakolimwa machungwa ni jirani. Kuleni, ila msiyategemee yafanye kazi ya mswaki.

Wavuta sigara, naomba mnisikilize. Sigara hubana mishipa ya damu, fizi zikaonekana nzima huku zinaoza chini kwa chini. Tambuu yenye tumbaku na ugoro navyo vinaharibu fizi. Na mwenye kisukari asichelewe kabisa, kwani sukari ikipanda fizi huugua upesi, na fizi zikiugua sukari inakuwa ngumu kushuka.

Ukisafisha vizuri, damu hupungua ndani ya wiki moja au mbili. Isipopungua, au ukiona usaha, jino linacheza, au mwili unapata michubuko bila kugongwa, nenda hospitali. Mweleze daktari dawa zote unazotumia, hasa aspirini na nyingine za kuzuia damu kuganda, na usiziache mwenyewe kabla hajakuambia.