Baba mkubwa hataki nitaje saratani kwenye arobaini

*Shangazi, mama mkubwa aliyenilea amefariki kwa saratani ya mlango wa kizazi. Wiki ijayo ni arobaini, nami nimeombwa nisome wasifu wake. Baba mkubwa anataka niseme aliugua tumbo. Tena nikifumba macho namwona yule wa mwisho, wa kitandani katika hospitali ya saratani ya Ocean Road, simwoni fundi aliyeshona magauni ya harusi ya mtaa mzima. Nifanyeje? – Binti wa Tanga*

Pole sana, mwanangu. Mungu amrehemu mama.

Baba mkubwa usimwone mkaidi. Huenda amesikia watu wakisema huo ni ugonjwa wa wahuni, anaogopa asije akanyooshewa kidole yeye au marehemu mkewe. Nenda kwake kabla ya siku yenyewe, mkae wawili, umweleze taratibu. Karibu kila saratani ya aina hiyo hutokana na kirusi kinachoitwa HPV, nacho huwapata watu wengi mno, hata aliyetulia na mwenzi mmoja. Kinaweza kukaa mwilini miaka na miaka kabla saratani haijatokea, kwa hiyo hakuna mkosaji wa kutafutwa hapo. Akikwambia maiti husitiriwa, mkubalie, kisha mwambie kinachositiriwa ni aibu, na maradhi si aibu.

Akikataa bado, mwache, yeye ndiye mume. Sema "aliugua kwa muda mrefu", basi. Tumbo usilitaje, maana huo utakuwa uongo.

Ila dada zako waambie ukweli wote, tena wiki hii hii, na hapo simpi baba mkubwa ruhusa ya kuzuia. Wakapimwe. Kipimo cha kupaka siki kwenye mlango wa kizazi ni cha dakika chache, na huonyesha mabadiliko kabla hayajawa saratani. Wenye mabinti waulizie chanjo: Tanzania ilianza kuitoa nchi nzima mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14, na mwaka 2024 ikahamia dozi moja, ikawafikia wa miaka 9 hadi 14.

Sasa hiyo sura ya kitandani. Umemuuguza, umeyaona mabaya kwa karibu, haitaondoka kwa kulazimishwa. Kama kuna picha zake za wodini kwenye kundi la familia, zifutwe leo. Sidhani kuna aliyemwomba ruhusa.

Halafu watafute aliowashonea. Nani alivaa gauni lake siku ya harusi? Nani alikopa hajalipa mpaka leo? Mama alisema nini mteja aliponenepa baada ya kupimwa? Andika majibu yao kama walivyoyasema, hata ya kuchekesha. Wasifu wetu mwingi ni kuzaliwa, kusoma, kuolewa, kuugua na kufa. Ukibadilisha jina unaweza kuusomea maiti mwingine. Maradhi yape sentensi moja, cherehani ipe ukurasa mzima.

Soma baada ya khitma na dua, kabla ya pilau, kwani watu wakishashika sahani hutasikilizwa. Dakika tano zinatosha. Na mpange mapema dada mmoja akae karibu nawe na nakala yake, ukizidiwa na kilio aendelee pale ulipoishia.