Mume wangu huchomea dhahabu jikoni, na mtoto wetu hajaanza kuzungumza

"Shangazi, shikamoo. Nina umri wa miaka 27 na ninaishi kwenye senta ya wachimbaji mkoani Geita. Mwanangu wa kwanza ana miaka miwili na miezi tisa, na maneno yake hayazidi manne. Mume wangu ni mchimbaji mdogo, na tangu tuoane amekuwa akichomea dhahabu jikoni kwetu usiku, kwa kuwa anahofia kuibiwa akiichomea mwaloni, kule wanakoosha mchanga wa dhahabu. Nilisikia redioni kwamba zebaki huharibu ubongo wa watoto. Nilipomweleza, alinijibu kuwa baba yake amechoma dhahabu miaka ishirini na hajafa. Mama mkwe anasema kosa ni langu, kwa sababu nilikula udongo wa pemba nilipokuwa na mimba. Jirani ananiuzia matone ya kutoa sumu ya madini mwilini kwa shilingi 80,000. Sasa nina mimba nyingine ya miezi minne. Je, nimemharibu mwanangu? Nianzie wapi?" – Mama wa Geita

Marahaba, mwanangu. Umeniuliza maswali mawili, nami naanza na la pili kwa makusudi, kwa sababu la kwanza linahitaji daktari na muda, ilhali la pili halipaswi kuvuka usiku wa leo. Uanzie jikoni. Dhahabu isichomwe tena ndani ya nyumba hiyo, wala barazani, wala uani chini ya dirisha, na hilo litangulie vipimo, dawa na mabishano na mama mkwe.

Kazi yenyewe unaifahamu kuliko mimi. Mchanga uliooshwa huchanganywa na zebaki, mchanganyiko hukamuliwa kwa kitambaa mpaka libaki donge la kijivu, kisha donge huwekwa motoni mpaka lipate rangi ya dhahabu. Kinachotoweka kati ya ule ukijivu na ule umanjano ni zebaki, ambayo aghalabu ni karibu nusu ya uzito wa donge, na yote hugeuka mvuke usio na rangi wala harufu. Anayeuvuta mvuke huo hubaki na takriban asilimia 80 yake mwilini. Kutoka kwenye mapafu huingia katika damu, na damu huupeleka kwenye ubongo na, kwa mama mjamzito, huuvusha kondo la nyuma hadi kwa mtoto aliye tumboni. Unaobaki chumbani hupoa na kunasa kwenye bati, kuta, nguo na sakafu, kisha hupanda tena jiko linapowashwa kwa ajili ya ugali. Kwa hiyo hata usiku ambao mumeo hachomi chochote, jiko lako bado linatoa zebaki kidogo kidogo, na mtoto anayecheza sakafuni, ambaye huvuta hewa nyingi kuliko mtu mzima kwa kila kilo ya uzito wake, ndiye anayepata sehemu kubwa.

Imani ya mumeo kwamba baba yake hajadhurika ina asili yake. Zebaki ikiwa majimaji haipenyi ngozi kwa urahisi, na hata ikimezwa sehemu kubwa hutoka kwa choo, hivyo mtu anaweza kuikamua kwa mikono mitupu mwaka baada ya mwaka na kuamini kwamba haina neno. Madhara huja kwa njia ya pumzi, nayo hayana haraka ya kuua. Huanza kwa mikono kutetemeka, usingizi kupotea, kusahau, na hasira ambazo wana nyumba huzihesabu kuwa ni tabia ya uzee. Mtazame mzee anapoinua kikombe cha chai kilichojaa. Mkono ukitetemeka, huenda kuna sababu nyingine, lakini aende kupimwa, na mwanawe aende pamoja naye.

Kuhusu mumeo, ninakuomba usimwendee na sheria mkononi, ingawa ipo. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata, yaani mkataba wa kimataifa kuhusu zebaki, mwaka 2020, na kuchoma dhahabu yenye zebaki katika makazi ya watu ni mojawapo ya mambo manne ambayo nchi za mkataba huo zinatakiwa kuchukua hatua za kuyakomesha. Mwanamume anayelala na hofu ya kuibiwa hatasikiliza mkataba. Anza na hofu yake: muulize ni nani anayemhofia mwaloni, na kama yeye na wenzake wawili anaowaamini hawawezi kuchoma pamoja mchana, mbali na nyumba, kisha wakaenda moja kwa moja kwenye soko la madini au kituo cha ununuzi, ambavyo vimekuwepo tangu 2019, ili dhahabu isilale nyumbani hata kidogo. Mwambie pia kuhusu ritoti, yaani chungu cha chuma chenye mfuniko na bomba linaloshuka hadi kwenye maji, ambamo mvuke hupoa ukarudi kuwa zebaki inayoweza kutumika tena. Atakuambia kwamba ritoti inachelewesha na kwamba dhahabu hutoka ikiwa na rangi ya udongo, na katika hayo hatakuwa anasema uongo. Lakini zebaki anainunua kwa fedha, na ritoti inayotumiwa vizuri humrudishia sehemu kubwa yake. Ritoti nayo itumike nje, mahali pa wazi, kwa kuwa hakuna inayofungika kabisa.

Baada ya hapo jiko lisafishwe, na wewe usiwe msafishaji, kwa sababu una mimba. Afanye mumeo, madirisha na milango ikiwa wazi, wewe na mtoto mkiwa kwa jirani. Asitumie ufagio, kwa maana ufagio huzipasua chembe za zebaki zikawa ndogo zaidi na kutawanyika. Azikusanye kwa vipande viwili vya karatasi ngumu, azitie kwenye chupa yenye maji kidogo, aifunge kwa nguvu. Kama sakafu ni ya udongo, tabaka la juu likwanguliwe na kuondolewa, lisimwagwe karibu na kisima wala bustani ya mboga. Ile chupa ya zebaki ambayo wachimbaji wengi huificha chini ya kitanda itoke chumbani. Nguo za kazi zivuliwe nje na zifuliwe peke yake, na jiko la mkaa lililochomea dhahabu lisipikiwe tena chakula, hata kama ni jipya. Mawe ya dhahabu nayo yasisagwe uani, kwa sababu vumbi lake linaweza kuwa na sumu nyingine nitakayoitaja mbele.

Sasa mimba yako. Nenda kliniki wiki hii na umwambie muuguzi waziwazi kwamba dhahabu imekuwa ikichomwa ndani ya nyumba unamolala, kwa sababu hilo si jambo ambalo atalibahatisha kwa kukutazama. Huko Minamata nchini Japani, ambako ugonjwa uliotokana na zebaki ya kiwandani ulitambuliwa rasmi mwaka 1956, walikuwepo akina mama wasioonyesha dalili kubwa waliozaa watoto walioathirika vibaya. Zebaki ya kule ilikuwa ya aina nyingine na iliingia kwa njia ya samaki, lakini tangu hapo madaktari hawapimi usalama wa mimba kwa afya ya mama peke yake. Usiache kula samaki kwa sababu ya habari hii: dagaa na sato wana faida kwa mtoto wako, na wanaokusanya zebaki zaidi ni samaki wakubwa wanaokula samaki wenzao. Kama unatumia mkorogo au sabuni ya kung'arisha ngozi, iache leo, kwa kuwa baadhi ya bidhaa hizo zina zebaki.

Na pemba? Mama mkwe wako ana sehemu ya ukweli, ila ameutumia vibaya. Watafiti waliopima udongo wa pemba na wa kichuguu unaoliwa na wajawazito mkoani Geita waliukuta na madini yasiyotakiwa, yakiwemo arseniki, na kwa sababu hiyo ninakusihi usiuguse katika mimba hii. Hamu hiyo, hata hivyo, huwapata wajawazito wengi, na mara nyingi huambatana na upungufu wa damu. Kwa hiyo omba kupimwa wingi wa damu na umeze vidonge vya madini ya chuma unavyopewa. Hakuna daktari mwenye busara atakayesema kwamba vipande vya pemba ndivyo vilivyomnyima mwanao maneno, na mama mkwe hana kipimo kinachomwezesha kusema hivyo. Maji ya kunywa ndiyo yaliyopaswa kumpa wasiwasi zaidi: ikiwa kisima chenu kiko karibu na marudio ya mgodi, yaani mabaki ya mchanga uliokwisha kutolewa dhahabu, ulizeni kama kimewahi kupimwa, kwa sababu kuchemsha kunaua vijidudu lakini hakuondoi arseniki.

Tumefika kwa mtoto. Kufikia miaka miwili, watoto wengi huunganisha maneno mawili, kama "mama njoo" au "taka maji". Mtoto wa karibu miaka mitatu mwenye maneno manne anastahili kuchunguzwa sasa, na usikubali kurudishwa nyumbani kwa maelezo kwamba wavulana huchelewa. Lakini kuchelewa kuzungumza kuna sababu nyingi, na zebaki ni mojawapo tu. Anza na masikio: simama nyuma yake anapocheza, umwite kwa sauti ndogo, kisha gonga sufuria, ukaone kama anageuka kwa sauti zote mbili, kwa moja au kwa hakuna. Masikio yanayotoa usaha mara kwa mara yanaweza kumpunguzia usikivu, na hayo hutibika. Zaidi ya hapo, kumbuka kama alilia mara alipozaliwa, kama alipata manjano makali akiwa mchanga, kama amewahi kupata degedege au malaria kali. Angalia kama anaonyesha kwa kidole kitu anachokitaka, kama anakutazama usoni, kama ukimwambia "lete kiatu" anakileta. Iwapo alikuwa na maneno kisha yakapotea, lieleze hilo kwanza kabla ya jingine lolote. Daktari atafikiria pia usonji, yaani hali ya ukuaji inayoathiri namna mtoto anavyowasiliana, na neno hilo lisikutishe ukaacha kurudi, kwa kuwa mtoto mwenye usonji husaidika zaidi akianza mapema.

Beba kadi yake ya kliniki, na uombe rufaa kutoka kituo cha afya hadi hospitali ya rufaa ya mkoa, na ikibidi Bugando, Mwanza. Mvuke wa zebaki mwilini hupimwa kwa mkojo. Risasi, yaani madini ya risasi, ambayo inaweza kuwemo katika mawe, rangi za nyumba, betri zilizopasuliwa na hata baadhi ya sufuria zilizosubuliwa kwa vyuma chakavu, hupimwa kwa damu. Uliza kama sampuli zinaweza kupelekwa kwa Mkemia Mkuu wa Serikali endapo hospitali haina kipimo hicho. Wakati unasubiri, zungumza naye. Mtajie kitu anachokishika, nyamaza umpe nafasi ajibu, na simu umwekee mbali. Msaada wa kujifunza kuzungumza ni uleule, chanzo kikijulikana au kisijulikane.

Kuhusu yale matone ya jirani, sitaki uyanunue. Mwili wenyewe hutoa zebaki, hasa kwa mkojo, na kiasi chake hupungua kwa nusu katika muda wa mwezi mmoja hadi miwili hivi, ingawa ile iliyofika kwenye ubongo hukawia zaidi. Sharti lake ni kwamba mvuke mpya usiingie. Kununua matone huku donge linaendelea kuchomwa jikoni ni kutwanga maji kwenye kinu. Dawa halisi za kutoa madini mwilini zipo, lakini hutolewa hospitalini baada ya kipimo, kwa uangalizi, na zikitumika ovyo zinaweza kuua: mwaka 2005, huko Pennsylvania nchini Marekani, mtoto mwenye usonji alifariki baada ya kupewa dawa ya aina hiyo kwa kudhaniwa kwamba ingemponya. Hata pale dawa ilipohitajika kweli, haikutangulia. Katika jimbo la Zamfara, Nigeria, mwaka 2010, zaidi ya watoto 400 walifariki kwa sumu ya risasi iliyotokana na mawe ya dhahabu yaliyokuwa yakisagwa majumbani. Madaktari Wasio na Mipaka walipofika na dawa, walisisitiza kwamba udongo wenye sumu uondolewe kwanza kwenye nyumba, kwa sababu mtoto anayerudi kwenye vumbi lilelile hurudi kwenye sumu ileile.

Swali lako la kwanza sijalikwepa. Kama umemharibu mwanao, barua haiwezi kusema, wala mimi siwezi, na hakuna kipimo cha leo kitakachoonyesha alivuta kiasi gani miaka miwili iliyopita. Ninachoweza kukuambia ni kwamba hukuwasha moto ule, na ulipojua ulisema. Zile shilingi 80,000 zitunze kwa nauli ya hospitali na gharama za vipimo. Ukishapata majibu, niandikie tena, unitajie kilichopimwa ni mkojo au damu, namba iliyoandikwa na kizio chake, na tarehe ya mwisho ambayo dhahabu ilichomwa ndani, kwa sababu bila tarehe hiyo namba haisomeki.

Wako, Shangazi